Turkana ikisema ndiyo kwa wakimbizi, iseme kwa maandishi

Nina saiba ndogo Kakuma mjini, Kaunti ya Turkana, Kenya: kompyuta nne, printa mbili, mashine ya kutoa kopi ambayo vumbi la huku limeifanya makao, na meza ndefu ya mbao ambapo watu hujazia fomu zao. Nusu ya wateja wangu ni Waturkana wenzangu, nusu ni wakimbizi. Kwa kuwa wote huja na karatasi, mimi huhisi mabadiliko ya sheria kabla hayajafika barazani. Fomu ikibadilika nembo, najua Nairobi kuna mtu ameshasaini kitu.

Alikuja mfanyabiashara mmoja Mworomo kutoka Ethiopia, muuzaji wa unga, sukari na mafuta kwa jumla kule kambini, Kakuma One. Alitaka kopi za karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa leseni ya biashara ya Kaunti ya Turkana, imelipiwa mwaka mzima. Ya pili ilikuwa barua ya kuombea pasi ya kusafiri, maana alitaka kwenda Eldoret kuchukua mzigo. Kwenye leseni yeye ni mfanyabiashara: jina lake, jina la duka, basi. Kwenye ombi la pasi yeye ni mkimbizi: aandike namba ya kadi, anakokwenda, sababu, siku atakazokaa, kisha asubiri. Akazilaza mezani moja kando ya nyingine, akaniuliza, "Kaka, hizi ni serikali mbili?" Nikamwambia ndiyo, ni mbili. "Basi zionane," akasema. Akalipa, akaenda zake.

Kikatiba sikumdanganya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa mambo ya uhamiaji na uraia. Kaunti zikapewa zahanati na hospitali, shule za chekechea, leseni za biashara, maji na mipango ya miji. Kwa hiyo mtu akivuka mpaka wa Sudan Kusini pale Nadapal, kumwandikisha na kumpa hadhi ya ukimbizi ni kazi ya Nairobi. Lakini akiugua, akifungua duka, mtoto wake akifika umri wa chekechea, akichota maji au akichimba choo, hayo yote ni mambo ya Lodwar, makao makuu ya kaunti. Sheria moja inamleta, na gharama za kukaa kwake ziko kwenye daftari la serikali nyingine. Kwa miaka mingi hatukuliona hilo kwa sababu daftari lenyewe lilikuwa la Umoja wa Mataifa.

Kambi ya Kakuma ni ya 1992. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wale vijana wa Sudan walipofika, wengine wadogo kuliko mimi, miguu imepasuka kwa kutembea. Mama yangu alikuwa akibeba kuni kichwani kwenda kuwauzia, na mara nyingi hakurudi na pesa, alirudi na unga wa mgao. Ndivyo tulivyoishi sisi na majirani zetu wengi. Serikali ya kaunti haikuwepo wakati huo. Ilizaliwa 2013, ikaikuta kambi ina miaka 21, na tangu hapo imekuwa ikisikia habari za wakimbizi wake kama mimi na wewe tunavyozisikia, redioni.

Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyotaka wakimbizi Kenya nzima wasizidi 150,000. Mahakama Kuu ikakitupa kipengele hicho Februari 2015. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kufunga Dadaab, kambi ya wakimbizi iliyo Kaunti ya Garissa. Jaji John Mativo akaamua Februari 2017 kwamba hatua hiyo ni kinyume cha Katiba. Machi 2021 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, akaliambia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilete ndani ya siku 14 mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma, baadaye ikaja tarehe ya mwisho ya Juni 2022, nayo ikapita. Kila tangazo likitoka, hapa sokoni wauzaji wa jumla huacha kukopesha. Huo ndio mtikisiko wa kwanza, kabla hata polisi hawajapata amri yoyote. Nani akupe magunia kumi ya unga kwa mkopo ilhali kesho unaweza kupandishwa lori?

Ndiyo maana mimi sikuungana na wale walioipokea Sheria ya Wakimbizi ya 2021 kwa manung'uniko. Uhuru Kenyatta aliitia saini Novemba mwaka huo, ikaanza kutumika Februari 2022, ikaifuta ile ya 2006. Ina mapungufu yake, lakini angalau inaongea kama mtu anayejua kwamba watu hawa hawaondoki wiki ijayo. Inazungumzia kufanya kazi, kadi ya utambulisho inayotambulika, wakimbizi na wenyeji kutumia pamoja shule, hospitali na huduma nyingine za umma. Inamtaka Kamishna wa Wakimbizi ashirikiane na serikali za kaunti kwenye mipango ya maendeleo na mazingira. Na inasema waziri anaweza kutenga kaunti fulani za kupokea wakimbizi, kwa kushauriana na kaunti zenyewe. Hayo maneno machache ya mwisho ningependa wakubwa wetu wa Lodwar wayabandike ukutani.

Kuna kipengele kingine ambacho watu huniuliza sana. Mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kufaidi haki za mwananchi wa Jumuiya. Kwenye makaratasi hili ni kubwa mno kwa Kakuma. Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Burundi na Rwanda zimo tangu 2007. Yaani sehemu kubwa ya kambi ingeweza kubadilisha foleni. Mama mmoja wa Kikongo anayeuza vitenge aliniomba nimsomee kipengele hicho pole pole, mara mbili. Kisha akauliza, "Na chakula? Na prosesi yangu ya kuhamishiwa ng'ambo?" Nikamwambia hivyo ni vya mkimbizi. Akakunja karatasi yake. Sijakutana na mteja hata mmoja aliyechukua njia hiyo, na siwalaumu.

Sasa, msimamo wa kaunti. Ukiniuliza kwa ufupi nitakwambia Turkana imekuwa ikisema ndiyo tangu kabla ya sheria yenyewe. Mwaka 2015, Josphat Nanok akiwa gavana, jamii ya Kalobeyei ilikubali kutoa eneo la hekta 1,500 hivi ukitoka Kakuma kuelekea Lokichoggio, pajengwe makazi badala ya kambi nyingine. Wakimbizi wangepewa pesa za chakula kwenye simu, Bamba Chakula, wanunue dukani badala ya kupanga foleni ya mgao, na shule na zahanati ziwe za wote. Desemba 2018 ukazinduliwa mpango wa maendeleo ya kijamii na kiuchumi wa Kalobeyei, KISEDP, wa kufika hadi 2030, na kaunti ikauingiza kwenye mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano. Gavana Jeremiah Lomorukai alipoingia 2022 hakuurudisha nyuma. Kakuma na Kalobeyei zikapewa hadhi ya manispaa. Na Machi 28, 2025, Rais Ruto alipozindua jijini Nairobi, akiwa na Filippo Grandi, aliyekuwa mkuu wa UNHCR, mpango uitwao Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya kawaida, mfano uliokuwa ukitajwa ulikuwa wetu.

Naikubali ndiyo hiyo. Hesabu zinaikubali pia. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 ulionyesha kwamba uwepo wa wakimbizi unaongeza pato la Turkana kwa asilimia 3.4. Shirika la IFC, la Benki ya Dunia hiyo hiyo, likaja 2018 likasema uchumi wa Kakuma una thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na maduka yanapita 2,000. Mtu wa hapa hahitaji takwimu hizo. Ajaribu tu kuuza makaa au mbuzi Lokichoggio, halafu aje auze Kakuma, ataona tofauti. Wenzangu wanaosema wakimbizi wanatunyonya, mara nyingi nawakuta soko la Wasomali wakinunua sukari kwa bei ambayo mjini hatuna.

Kinachonisumbua ni kwamba ndiyo yetu iko kwenye hotuba. Angalia mafuta. Yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia kule Lokichar Machi 2012, na kuanzia hapo viongozi wa Turkana walipiga kelele, wakaenda Bungeni na Ikulu, barabara zikafungwa na wananchi, hadi Sheria ya Petroli ya 2019 ikaandika wazi: asilimia 20 ya mgao wa serikali iende kaunti, asilimia 5 iende jamii. Unaweza kusema asilimia 5 ni ndogo (tulitaka 10, tunakumbuka), lakini imeandikwa, ina namba, na siku mafuta yakitoka kuna mahali pa kwenda kudai. Kwa wakimbizi hatuna hata nusu asilimia iliyoandikwa. Wakimbizi wako nasi tangu 1992, na mafuta hayajatuletea hata shule moja ya maana. Kipi kilistahili kupiganiwa zaidi?

Utaniambia wakimbizi si mali ya kugawana. Kweli, na sipendi lugha hiyo hata kidogo. Nazungumzia gharama. Sensa ya 2019 ilihesabu Turkana nzima watu 926,976. Wakimbizi na waomba hifadhi wa Kakuma na Kalobeyei ni 300,000 hivi, na wote wamekusanyika kwenye kaunti ndogo moja, Turkana Magharibi. Pesa za kaunti kutoka hazina ya kitaifa, zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka, hugawanywa kwa vigezo kadhaa, idadi ya watu ikiwemo. Kama sheria ya kitaifa inasema watu hawa watumie hospitali moja na sisi, basi vigezo vya kitaifa viwaone watu hawa. Huwezi kuwaunganisha kwenye foleni ya daktari halafu ukawatenganisha kwenye hesabu ya daktari wangapi waajiriwe.

Niliwahi kwenda kwenye kikao kimoja cha kukusanya maoni, chini ya turubai, watu wa jamii upande mmoja, wawakilishi wa wakimbizi upande wa pili, na wageni wa Nairobi mbele kwenye viti vya plastiki vyenye mikono. Mmoja wa wageni alianza na methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kimya kidogo. Kisha mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Shamba liko wapi? Mpe mbuzi basi." Watu walicheka mpaka mkalimani akashindwa kutafsiri.

Lakini maneno yaliyobaki nami ni ya mzee mmoja aliyesimama baadaye na kigoda chake mkononi. Alimwambia yule ofisa, "Kijana wangu, mwaka ule tuliombwa mahali pa kulaza watoto. Tukasema sawa, watoto walale. Tulikubali kambi. Kambi huja, kambi huondoka. Sasa nasikia mnasema mji. Mji hauondoki. Ni nani aliyeulizwa habari za mji?" Ofisa akamjibu kwa heshima, "Mzee, ndiyo maana tuko hapa leo." Mzee akauliza tena, "Mmekuja kuniuliza, au mmekuja kuniambia?" Akakaa. Kwenye ripoti niliyopewa kuchapa baadaye na kijana mmoja wa kamati, swali lake liliandikwa hivi: jamii iliomba ufafanuzi zaidi.

Swali la mzee lina jibu la kisheria, na jibu hilo ndilo nguvu ya kaunti ambayo haijatumika vya kutosha. Ardhi ya huku karibu yote ni ardhi ya jamii. Ibara ya 63 ya Katiba inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaongeza kwamba kaunti haiwezi kuiuza wala kuigawa kabla haijasajiliwa, na fidia yoyote ikilipwa iwekwe kwenye akaunti maalum hadi jamii isajiliwe. Sehemu kubwa ya Turkana haijasajiliwa. Kwa hiyo Nairobi ina mamlaka juu ya kadi ya mkimbizi, lakini hapo alipojenga nyumba yake ya matofali na bati, mwenye amana ni Lodwar. Mpango wowote wa kugeuza kambi kuwa mji ni lazima upite kwenye mlango huo. Ukishika mlango, huna haja ya kupiga kelele. Unauliza tu: mnaingia kwa masharti gani?

Badala yake, jamii haijasajiliwa, na mji unakua. Kalobeyei kuna nyumba za kudumu, kuna maduka ya mawe, kuna watu wanauziana plot kwa karatasi za daftari ambazo nimeombwa kuzitia plastiki. (Nilikataa. Nilimwambia mwenyewe karatasi ile haitakuwa hati hata ikivaa plastiki mara tatu.) Mkimbizi amelipia kitu ambacho hakipo, na Mturkana anaamini ameibiwa kitu ambacho hajawahi kupewa kwa jina lake. Wote wawili wana haki ya kukasirika, na siku wakikutana na hasira zao, waziri hatakuwepo.

Garissa wamechukua njia nyingine. Viongozi kadhaa wa huko wamekuwa wakali zaidi kwa Mpango wa Shirika, wakisema wenyeji hawakuhusishwa inavyotakiwa, na wakitaka kwanza litatuliwe suala la Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi zamani za ukame ili wapate chakula, alama za vidole zikawagomea walipotaka kitambulisho. Naelewa ukali huo. Kule Dadaab mwenyeji na mgeni wana lugha moja, dini moja, mara nyingine ukoo mmoja. Hofu yao kubwa ni kuchanganywa kwenye rejista. Sisi hapa hofu yetu ni ya ardhi, na ya kura.

Kuhusu kura niseme upesi, maana uvumi wake ni mwingi kuliko mvua. Sheria ya 2021 haimpi mkimbizi uraia. Haimpi kura. Anayetaka uraia wa Kenya kwa kujiandikisha ana njia yake ndefu kwenye Katiba na sheria ya uraia, kuanzia ukaazi halali wa miaka saba mfululizo, na masharti mengine juu yake. Wanasiasa wanaosema mwaka wa uchaguzi wakimbizi watachagua mbunge wa Turkana Magharibi wanajua hayo. Wanasema hivyo kwa sababu hofu haihitaji bajeti.

Narudi kwenye pesa. Mwaka 2025 ndio uliotuonyesha kaunti ilivyo uchi. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likazidi kupunguza mgao ambao ulikuwa tayari umepunguzwa. Machi watu waliandamana kambini. Baadaye ukaja utaratibu wa kuwapanga wakimbizi kwa makundi, wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine wajitegemee. Kujitegemea ni jambo zuri ukiwa na ruhusa ya kwenda kutafuta. Siku hizo saiba yangu ilikaa tupu kama ya mtu aliyehama. Mama wa makaa alikaa na magunia yake. Muuza maziwa wa Kiturkana aliyezoea kupeleka mitungi Kakuma Two alirudi nayo mchana imeganda. Hakuna aliyekuja kutufanyia utafiti wa hasara ya mwenyeji, lakini mtu yeyote aliyekuwa na kaunta Kakuma angekupa takwimu zake bure.

Na zahanati. Za kambini zimeendeshwa na mashirika kwa pesa za wafadhili, na wenyeji tumekuwa tukitibiwa huko, tena bila malipo, sijui watoto wangapi wa watu wa rika langu wamezaliwa mikononi mwa wauguzi wa mashirika. Mpango sasa ni kwamba pole pole ziwe za kaunti. Kwenye hotuba inasikika kama zawadi. Lakini jengo likikabidhiwa bila mishahara ni deni. Daktari, muuguzi, dawa, dizeli ya jenereta usiku: hayo yote yataingia kwenye mfuko wa kaunti ambayo tayari wahudumu wake wa afya wamegoma zaidi ya mara moja. Kaunti iseme ndiyo kwa majengo siku ile ile inaposaini nani analipa mishahara, kwa miaka mingapi, na nini kinatokea mfadhili akijitoa. Isisaini nusu.

Jambo la pasi nalo, ambalo watu wa kaunti husema si lao, mimi nasema ni lao kabisa. Kaunti inachukua ada ya leseni kwa mtu ambaye haruhusiwi kwenda kununua bidhaa. Inamtoza kodi ya soko mtu ambaye akikutwa Lodwar bila karatasi, umbali wa kilomita 120 hivi na bado yumo Turkana, anaweza kufikishwa mahakamani. Ikiwa sheria inazungumzia kutenga kaunti, basi kaunti yetu iombe kwa barua rasmi, kwa waziri, kwamba eneo lililotengewa wakimbizi liwe Turkana yote. Mkimbizi aende Lodwar, Lokichar na Kalokol anunue samaki, bila pasi. Hilo halimgusi mtu wa Nairobi. Halihitaji mfadhili. Lingefaidi wavuvi wa ziwani kuliko semina zote za ujasiriamali nilizochapia vyeti. Kuhusu kwenda Eldoret au Kitale, hapo ndipo serikali mbili zikae meza moja, na kaunti iwe na takwimu za leseni mkononi: hawa hapa wafanyabiashara wetu, wanalipa, tunawafahamu, wapeni karatasi ya mwaka badala ya ya wiki.

Kibali cha kazi ni hadithi hiyo hiyo. Kile cha daraja la M, cha wakimbizi, hakina ada. Unasikia hakina ada unadhani ni rahisi. Kinataka barua ya mwajiri, barua ya idara ya wakimbizi, kadi, picha, kisha maombi yaende Nairobi, na mtu hawezi kuyafuata Nairobi bila pasi. Kaunti inahitaji walimu wa chekechea na wahudumu wa maabara, na kambini kuna waliosomea hayo hayo hapa hapa Kenya, kwa mtaala wetu, wakilipwa posho ya mashirika isiyofikia robo ya mshahara wa Mkenya aliye darasa la jirani. Kaunti ikiwa mwajiri, barua ya mwajiri ingeandikwa Lodwar. Sijaona mtu akilisema hili kwenye jukwaa, labda kwa sababu vijana wetu wenyewe wako bila kazi na hakuna mwanasiasa anayetaka kuonekana akimwajiri mgeni. Naelewa. Basi waanze na nafasi ambazo wenyeji hawajaomba, na ziko, tangazo hurudiwa mara mbili mara tatu.

Kila Februari kaunti hupeleka kwenye bunge lake waraka wa mkakati wa fedha, na kabla Aprili haijaisha makadirio ya bajeti yawe yamewasilishwa. Katikati hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi, na kwa kawaida tunaohudhuria ni wachache, na tunaongelea visima. Safari hii nitaenda na kurasa mbili nilizochapa mwenyewe. Naomba mambo matatu yaandikwe: jamii za Kakuma, Kalobeyei na jirani zake zisajiliwe chini ya sheria ya 2016 kabla ramani ya mji haijapitishwa, kila zahanati inayokabidhiwa iwe na mstari wake wa mishahara unaoonekana kwenye bajeti, na manispaa ichapishe kila mwaka imekusanya kiasi gani kutoka upande wa kambi na imekitumia wapi.

Hilo la tatu najua watalikwepa, watasema mifumo ya kukusanya takwimu haijakamilika. Nitawajibu kwamba leseni zina namba, soko lina risiti, na rundo zima la risiti hizo limepita kwenye mashine yangu ya kopi, zote zikiwa na nembo ya Turkana.